Mauaji ya kimbari: neno lilikotoka na linachokibeba

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hutumia "mauaji ya kimbari" na "mauaji ya halaiki" kana kwamba ni kitu kimoja, na magazeti hayawasaidii. Neno "kimbari" lilitoka wapi? Je, hutumika pale watu wanapouawa kwa wingi kupita kiasi? Na ni kweli kwamba hili ni kosa lisilosameheka?

Jibu: Mwalimu, nianze na jambo ambalo wanafunzi wako wanaweza kulishika mara moja: mauaji ya kimbari hayapimwi kwa wingi wa maiti wala kwa ukali wa silaha, bali kwa nia ya muuaji. Mtu anayeazimia kuliangamiza kundi la watu kwa sababu tu ni kundi hilo, kisha akaanza kuwaua walio ndani yake, ametenda kosa hili hata kama amezuiwa kabla hajafika mbali. Anayeua maelfu kwa sababu nyingine, tuseme kuteka ardhi, kunyamazisha wapinzani au kulipiza kisasi, ametenda uovu mkubwa ambao una jina lake tofauti. Neno liliundwa makusudi ili kuitaja nia hiyo, na aliyeliunda tunamjua, jambo lililo nadra katika historia ya maneno.

Huyo ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyezaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Bezwodne, kilichokuwa wakati huo chini ya Dola ya Urusi na ambacho leo kimo Belarus. Mwaka 1921, akiwa kijana, alifuatilia habari za Soghomon Tehlirian, Mwarmenia aliyempiga risasi na kumuua mjini Berlin Talaat Pasha, mmoja wa viongozi wa Dola ya Osmani waliosimamia kuhamishwa na kuuawa kwa Waarmenia kuanzia mwaka 1915. Lemkin anasimulia kwamba alimuuliza profesa wake wa sheria kwa nini Talaat mwenyewe hakukamatwa na kushtakiwa. Profesa akamjibu kwa mfano wa mfugaji na kuku wake: akiamua kuwachinja ni shauri lake, na jirani akiingilia amevuka mpaka wa watu. Kwa mantiki hiyo dola ilikuwa na mamlaka juu ya raia wake kama mfugaji juu ya banda lake, na sheria ya kimataifa haikuwa na mlango wa kuingilia. Lemkin hakulikubali jibu hilo, na tunaweza kusema kwamba maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa ni kulipinga.

Jaribio lake la kwanza halikufua dafu. Mwaka 1933 alipeleka katika mkutano wa wanasheria mjini Madrid pendekezo la makosa mawili mapya ya kimataifa, moja likihusu vitendo vya kinyama dhidi ya watu wa kundi fulani la kitaifa, kidini au kijamii, na jingine likihusu kuharibu kazi za sanaa na utamaduni za kundi hilo. Pendekezo halikupita. Mwaka 1939 Ujerumani ilipoivamia Poland, alikimbia kupitia Lithuania hadi Sweden, na baadaye akazunguka kupitia Urusi na Japani hadi Marekani, alikofika mwaka 1941. Akiwa Sweden alifanya kazi ambayo ni mwanasheria tu angeiona kuwa na maana: alikusanya amri na kanuni ambazo Wajerumani walikuwa wakizitangaza hadharani katika nchi walizozikalia. Amri moja moja ilionekana kuwa ya kawaida kwa wakati wa vita, lakini zilipowekwa pamoja zilionyesha mpango. Hapa chakula kiligawanywa kwa kufuata kabila la mlaji, pale ndoa za Wapoland ziliwekewa vikwazo, kwingine shule na lugha ya wenyeji vilipigwa marufuku. Mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1941, Winston Churchill, akizungumzia redioni mauaji yaliyofuata nyuma ya majeshi ya Ujerumani katika ardhi ya Urusi, alisema kwamba dunia ilikuwa mbele ya uhalifu usio na jina.

Jina lilichapishwa mwaka 1944, katika kitabu cha Lemkin kuhusu utawala wa nchi za Mhimili, yaani Ujerumani na washirika wake, katika Ulaya iliyokaliwa. Alichukua neno la Kigiriki *genos*, lenye maana ya ukoo, kizazi au jamii ya watu wa asili moja, akaliunga na kiishio cha Kilatini *-cide* chenye maana ya kuua, kama kilivyo katika maneno ya Kizungu ya kumuua mtoto mchanga au kumuua mtawala dhalimu. Ndipo likapatikana *genocide*. Wapo waliolaumu kuchanganya Kigiriki na Kilatini katika neno moja, lawama ambayo binafsi naiona ya watu waliokosa la kufanya. La maana zaidi ni kwamba Lemkin mwenyewe alilipa neno lake upana mkubwa kuliko tulionao leo. Kwake halikuwa lazima limaanishe kuwaua watu wote papo hapo. Lilikuwa ni mpango wa vitendo mbalimbali unaolenga kubomoa misingi ya uhai wa kundi, yaani siasa zake, lugha yake, dini yake, uchumi wake na miili ya watu wake, hadi kundi lenyewe litoweke.

Neno lilitajwa katika hati ya mashtaka ya viongozi wa Nazi mjini Nuremberg mwaka 1945, lakini hukumu ya mwaka 1946 haikulitumia. Viongozi wa Nazi walihukumiwa kwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kuanzisha vita. Kwa Lemkin, aliyepoteza ndugu zake 49 katika mauaji hayo, lilikuwa pigo, na halikuwa la kihisia tu, kwa maana mahakama ile ilifungamanisha uhalifu dhidi ya ubinadamu na vita, hivyo kwamba dola iliyowaua raia wake wakati wa amani ingeendelea kuwa salama kama yule mfugaji wa kuku. Akahamia kwenye korido za Umoja wa Mataifa, akiwasumbua mabalozi na waandishi wa habari kwa barua na mazungumzo, mpaka Baraza Kuu likapitisha azimio tarehe 11 Desemba 1946 na, miaka 2 baadaye, tarehe 9 Desemba 1948 mjini Paris, Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari. Tamko la Haki za Binadamu, ambalo wanafunzi wako bila shaka wanalijua zaidi, lilifuata siku moja baadaye. Mkataba ulianza kutumika Januari 1951. Lemkin alifariki mjini New York mwaka 1959 akiwa fukara. Marekani, nchi iliyompa hifadhi, ilikuja kuuridhia mkataba wake mwaka 1988.

Sasa tuusome mkataba wenyewe, kwa sababu ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kifungu cha pili kinasema kwamba kosa hili ni mojawapo ya vitendo vitano vinavyofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la kidini, likiwa ni kundi kama lilivyo. Vitendo hivyo ni kuwaua watu wa kundi. Kuwadhuru vibaya mwilini au akilini. Kulitia kundi kwa makusudi katika hali ya maisha itakayoliangamiza. Kuweka hatua za kuzuia watu wake wasizae. Na kuwahamisha kwa nguvu watoto wake wapelekwe katika kundi jingine. Utaona kwamba ni kimoja tu kati ya hivyo vitano kinachotaja kuua moja kwa moja. Utaona pia kwamba hakuna idadi yoyote iliyotajwa. Na aya ikichunguzwa vizuri, uzito wake hauko kwenye orodha ya vitendo, uko kwenye maneno yanayoitangulia: kwa nia ya kuliangamiza kundi.

Kilichoachwa nje kina uzito uleule. Makundi ya kisiasa hayamo, kwa sababu mataifa kadhaa, Umoja wa Kisovyeti ukiwa miongoni mwao, hayakutaka yawemo. Uharibifu wa utamaduni, ambao Lemkin aliuona kuwa kiini cha jambo, nao ulikatwa, isipokuwa masalia yake katika kipengele cha watoto. Matokeo ya mipaka hiyo yanashangaza mtu anapoyaona kwa mara ya kwanza. Huko Kambodia kati ya mwaka 1975 na 1979, utawala wa Khmer Rouge ulisababisha vifo vya watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.7, lakini mahakama maalumu ilipotoa hukumu mwaka 2018, kosa la mauaji ya kimbari lilithibitishwa kwa waliouawa kwa kuwa Wavietnamu au Waislamu wa jamii ya Cham. Sehemu kubwa ya waliokufa, Wakhmer waliouawa na Wakhmer wenzao, waliingia katika uhalifu dhidi ya ubinadamu. Huko Srebrenica, Bosnia, mwezi Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 8,000, na mahakama ya The Hague iliamua kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari. Elfu nane wameingia katika neno, na zaidi ya milioni wamebaki nje. Sisemi kwamba sheria imetenda haki. Nasema kwamba ukilitumia neno hili kama kipimo cha wingi, utakwama hapa.

Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hili ilikaa Arusha, katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa. Baada ya mauaji yaliyoanza Rwanda Aprili 1994 na kudumu kwa takriban siku 100, ambayo Umoja wa Mataifa huyakadiria kuwa yaliua watu 800,000 na serikali ya Rwanda zaidi ya milioni moja, Baraza la Usalama liliunda mahakama maalumu mwezi Novemba mwaka huohuo. Tarehe 2 Septemba 1998 majaji watatu, kutoka Senegal, Sweden na Afrika Kusini, walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba na kabla ya hapo mwalimu. Siku 2 baadaye Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya wakati wa mauaji ambaye alikuwa amekiri kosa, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Napenda kukaa kidogo kwenye kesi ya Akayesu kwa sababu ndani yake majaji walilazimika kuwa wanaisimu. Mashtaka yalidai kwamba katika mkutano wa hadhara mwezi Aprili 1994 aliwahimiza watu waungane kumwondoa adui, akawataja "Inkotanyi" na washirika wao. Mtetezi angeweza kusema kwamba Inkotanyi ni wapiganaji wa jeshi la waasi, hivyo mtu kuwataka wananchi wapambane nao si kosa. Mahakama ikamsikiliza mtaalamu wa isimu kutoka chuo kikuu cha Rwanda, aliyeeleza maneno hayo moja moja: *inkotanyi*, *inyenzi*, ambalo kwa maana ya kawaida ni mende, *icyitso*, mshirika wa adui. Alionyesha jinsi ambavyo katika mazingira ya mwaka ule maana zilivyotanuka mpaka kumhusu Mtutsi yeyote, na wasikilizaji wa mkutano ule walilijua hilo vizuri. Nia haiandikwi kila mara kwenye karatasi. Mahakama ilisema kwamba inaweza kutambuliwa kutokana na maneno, mazingira na mpangilio wa matendo. Katika hukumu hiyohiyo majaji waliamua kwamba ubakaji wa wanawake wa Kitutsi, uliofanywa kwa nia ile, nao ulikuwa mauaji ya kimbari, na hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imesema hivyo kabla.

Walikumbana pia na kikwazo ambacho kinatuhusu sisi tunaotafuta neno la Kiswahili. Wahutu na Watutsi walikuwa wakizungumza lugha moja, wakiabudu pamoja na kuishi kilima kimoja. Je, Watutsi ni kabila, kwa maana ya mkataba? Majaji walitazama namna Wanyarwanda wenyewe walivyotambulishwa, hususan vitambulisho vilivyoanzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kuendelezwa baada ya uhuru, vikiwa na mstari ulioandikwa *ubwoko* kwa Kinyarwanda. Katika vizuizi vya barabarani mwaka 1994 mstari huo ulitosha kumwua mtu. Kinyarwanda chenyewe kiliunda neno *itsembabwoko*, kutoka *gutsemba*, kuteketeza, na *ubwoko* lilelile la kwenye kitambulisho. Siku hizi lugha ya serikali inatumia *jenoside*, na jina rasmi ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Tuje kwenye Kiswahili. "Mbari" ni neno la Kibantu lenye maana ya ukoo, watu wa asili moja. Wakikuyu nao wanalo, kwa maana ya ukoo mdogo ndani ya kabila. Likiongezewa *ki-* likawa sifa, "ya kimbari", yaani yanayohusu mbari. Nakiri kwamba umbo hilo lina utata kidogo, kwa kuwa mtu asiyelijua anaweza kudhani ni mauaji yanayofanywa na ukoo, lakini ukilirudisha kwenye *genos* ya Lemkin utaona jinsi lilivyolenga. Wagiriki wa Athens waliliita *genos* lile kundi la familia zilizojihesabu kuwa na babu mmoja, na hiyo ni mbari hasa. Sidhani kama kuna lugha nyingi zilizopata tafsiri iliyo karibu hivyo na chanzo.

"Halaiki" limetoka katika Kiarabu, kwenye shina la kuumba, na maana yake ni viumbe, watu wengi, umati. Kila Mtanzania amewahi kuwaona vijana wa halaiki uwanjani siku ya sherehe za kitaifa, wakijipanga kwa mamia kuandika maneno kwa miili yao. Hapo neno linataja wingi tu, bila kujali hao wengi ni nani. Kwa hiyo "mauaji ya halaiki" ni tafsiri nzuri ya mauaji ya watu wengi kwa pamoja, na ni tafsiri dhaifu ya kosa la Lemkin, kwa sababu inatupa nia na kubakiza idadi. Mlipuko wa bomu sokoni unaoua watu 200 ni mauaji ya halaiki. Kuwachukua watoto wote wa jamii fulani kwa nguvu ili jamii hiyo ikome kunaweza kuwa kosa la kimbari bila maiti hata mmoja, ingawa hapo neno letu "mauaji" lenyewe linatubana. Wanafunzi wako wakiuliza juu ya "maangamizi", waambie ni neno pana la kuteketezwa, na kwa mazoea hutajwa zaidi tunapozungumzia Wayahudi wa Ulaya.

Utaulizwa juu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, hilo halikwepeki darasani Tanzania. Nchi mbili zilizokuwa chini ya mkoloni mmoja zinatusaidia kuiona tofauti. Huko Namibia, tarehe 2 Oktoba 1904, Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri iliyotaja kabila kwa jina: kila Mherero ndani ya mipaka ya Ujerumani, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi, na waliokimbilia jangwa la Omaheke walizuiwa wasirudi kwenye maji. Nia imeandikwa na kutiwa saini, na mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kati ya 1905 na 1907, majeshi yalichoma mashamba na maghala kusini mwa nchi, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria hufika 300,000. Afisa mmoja wa jeshi hilo aliandika kwamba ni njaa na ufukara pekee ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Kauli hiyo ni ya kikatili, lakini isome tena: lengo linalotajwa ni kusalimu amri, na waliolengwa walikuwa makabila mengi yaliyoshiriki vita. Kwa maoni yangu, kwa ushahidi huo, jina linalofaa zaidi ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wapo wanahistoria wasiokubaliana nami, na hoja yao kwamba aliyeteketeza chakula chote alijua nani atakufa si ya kupuuzwa. Kumbuka tu kwamba jina hilo la pili si daraja la chini. Sheria haikuyapanga makosa haya kwa ngazi, hata kama wanasiasa hupigania neno "kimbari" kama taji, au hulikwepa kama deni. Mwaka 1994 msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani alikubali kusema kwamba Rwanda palikuwa na "vitendo vya kimbari" tu, mpaka mwandishi wa habari akamuuliza ni vitendo vingapi vinavyohitajika ili yawe mauaji ya kimbari.

Imebaki sehemu ya kusamehewa. Mkataba hausemi popote kwamba kosa hili halisameheki. Unasema kwamba mtawala, mtumishi wa umma na mtu binafsi wote wataadhibiwa, na kwamba mtu akidaiwa arudishwe kushtakiwa, kosa hili halitahesabiwa kuwa la kisiasa. Mkataba mwingine wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1968, unaongeza kwamba halina ukomo wa muda wa kushtakiwa. Ndiyo maana Félicien Kabuga, mfanyabiashara wa Rwanda aliyeshtakiwa kwa kufadhili mauaji ya 1994, aliweza kukamatwa karibu na Paris mwezi Mei 2020, miaka 26 baada ya matukio, ingawa kesi yake ilisimamishwa mwaka 2023 majaji walipoona kwamba akili yake haiwezi tena kuifuatilia. Hayo ni mambo ya mashtaka, na msamaha ni jambo jingine lenye mwenyewe. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yale ya Maji Maji, na ombi hilo halikumzuia mtu yeyote kuendelea kudai mabaki ya mababu yaliyopelekwa Ujerumani.

Rwanda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mahakama za gacaca, zilizoendeshwa na majaji waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe na kufungwa rasmi mwezi Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2. Mshtakiwa aliyekiri, akasema aliua nani, akiwa na nani, maiti iko wapi, kisha akaomba radhi hadharani, alipunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo ingeweza kugeuzwa kuwa kazi za jamii. Kuomba radhi kulikuwa sharti la kupunguziwa. Aliyenusurika, aliyekaa kwenye nyasi akisikiliza, sheria haikumpa sharti lolote la kuitikia.